Gia ya Kushukia Sekenke

"Usiniite mwalimu," alikuwa akisema. "Mwalimu ana cheti. Mimi nina leseni."

Basi sikumwita mwalimu, na hapa pia sitamwita hivyo, ingawa kama kuna mtu aliyenifundisha kitu hapa duniani ni yeye. Shelui nzima tulimwita Dereva. Shelui ni mji wa malori: yanalala hapo, yanapakia hapo, yanaharibikia hapo, na madereva ni wengi kuliko mbuzi. Lakini ukisema Dereva bila kuongeza neno, hata mtoto alijua unamsema yule mzee aliyeendesha lori la misheni mpaka akastaafu, na ambaye kila alasiri alikuwa kwenye chumba cha kwaya, nyuma ya kanisa, akipiga piano.

Ndiyo, piano. Si kile kinanda cha umeme kinachobebwa begani kwenda harusini. Piano ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, iliyoletwa na Wazungu wa misheni na kuachwa walipoondoka kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuipandisha tena Sekenke. Msiojua njia yetu niwaambie: Sekenke ni mteremko. Ukitoka Singida kuja Shelui, nchi inakatika ghafla na barabara inashuka kwa kona hadi bondeni. Siku hizi kuna lami. Zamani, kwa maneno ya Dereva, mtu aliomba Mungu mara mbili, juu akitubu na chini akishukuru.

Niseme mapema kinachonikaa kooni, isije ikaonekana nimekuja kumsifu mzee wa watu bure. Nilimkana. Nilimkana mchana kweupe, mbele ya ukumbi mzima, kwa maneno matatu, naye alikuwa amesimama nje ya dirisha, hatua chache kutoka nilipoketi. Miaka kumi na moja nimekuwa nikijiuliza swali moja: alisikia, au hakusikia?

Alivyojifunza piano ni habari aliyopenda kuisimulia mwenyewe. Mke wa daktari wa misheni alikuwa na piano hiyo nyumbani kwake, na Dereva, akisubiri lori lishushwe mzigo, alikuwa akisimama barazani anasikiliza. Siku moja yule mama akamkuta, akamuuliza anataka nini. Dereva akasema anataka kujua ile sauti inatengenezwa vipi. Mama naye akasema anataka kujua kuendesha gari, na mumewe amekataa kumfundisha. Wakapatana palepale. Jumamosi asubuhi Dereva alimpeleka kwenye kiwanja cha majani vijana walikochezea mpira, akamfundisha klachi. Alasiri mama akamfundisha noti. Alisema kila mmoja alimlilia mwenzake. Mama alipata leseni mwaka uleule. Dereva ilimchukua miaka minane kufika kwenye vipande vigumu, vile vya watunzi wa Ulaya wa zamani, wale watu wa mapenzi na majonzi, walioandika kana kwamba binadamu ana vidole kumi na vinne.

Mama huyo alipoondoka alimwachia kitabu cha noti. Mchwa wakala jalada na sehemu za juu za kurasa, kwa hiyo majina ya vipande na ya watunzi wao yakaenda na mchwa. Dereva hakuona haja ya kuyatafuta. Akavipa vipande majina ya barabarani. Kimoja cha polepole, ambacho mkono wa kushoto unatandaa tu huku wa kulia ukilalamika, alikiita Wembere, kama ile mbuga iliyo chini yetu inayojaa maji masika. Na kile kirefu kuliko vyote, kinachoanza kwa upole, mtu kama anasimulia, kisha kinapanda, kinapumzika, kinapanda tena, na mwishoni kinaporomoka kwa mikono yote miwili hadi noti ya chini kabisa, alikiita Sekenke. Nilifika chuo nikiamini hayo ndiyo majina yao.

Kwake kila kitu kilikuwa gari. Ukipiga kwa nguvu bila maana alikwambia lori tupu hupiga kelele kuliko lenye mzigo, basi katafute mzigo kwanza. Ukienda sawasawa kama saa ya ukutani, alikwambia kona haiendeshwi kwa saa: chelewa kwenye kona, fidia kwenye mbuga, ila ufike jioni ileile uliyoahidi. Nimekuja kusoma vitabu vinene vinavyoeleza jambo hilo kwa kurasa ishirini, sijaona kilicholieleza vizuri kuliko yeye. Na juu ya kuporomoka kwa mwisho wa Sekenke, ambako kila mpigaji anakufa, alikuwa na sheria moja asiyoipunguza. Gia ya kushukia unaichagua ukiwa juu, kabla hujaanza. Ni gia ndogo, ile ambayo ungepandia. Ukiingia na gia kubwa kwa kuringa, au ukibadili katikati kwa hofu, gari linakukimbia, na hapo breki ni mapambo tu.

Kabla ya kupiga, alikagua. Hakukaa kwenye piano hata siku moja bila kuizunguka, kama dereva anavyolizunguka lori asubuhi. Aliinama kutazama chini yake kama kuna panya, akagonga miguu yake kwa ngumi, akakanyaga pedali mara tatu, akafuta vibao vyote kwa kitambaa kutoka kushoto kwenda kulia. Vibao aliviita meno. Hata mimi nilipoanza kwenda kwake, nikiwa kidato cha pili, mwezi wa kwanza wote sikupiga chochote. Nilikagua. Nyumbani mama yangu aliniuliza nimejifunza nini huko kwa Dereva, nikamwambia kufuta, akasema basi nianze na vyombo.

Mkewe alikuwa mcheshi kuliko yeye. Alisema ameolewa uke wenza na mwanamke mwenye meno themanini na nane, na bado yeye mwenye pengo ndiye anayepika. Nikimaliza somo alinikalisha jikoni, akaniwekea ugali wa uwele na mlenda, akinisemesha Kinyiramba ili, kwa maneno yake, Wazungu wa kwenye kile kitabu wasije wakaniloga nikasahau kwetu. Nilicheka. Mama wa watu alikuwa ananionya, nami nacheka na tonge mdomoni.

Dereva hakuwa malaika, nisiwadanganye. Alikuwa mgumu wa kusifu. Ukipiga vizuri alikohoa, basi. Hakumsalimia mtu aliyechelewa. Kwaya walimwomba miaka na miaka awapigie, akakataa, akisema wao wanapenda kupiga honi. Alikuwa na sauti nzito nzuri, besi ya kutetemesha kioo cha dirisha, lakini kanisani alifumba mdomo kama aliyemeza nzi. Na mtu huyu aliyehubiri gia ndogo asubuhi na jioni, akidhani yuko peke yake, alipiga kwa kasi ya kutisha. Mara mbili nilimkuta, nikasimama nje ya mlango. Alikuwa analia na kuporomoka nayo, mzee mzima, vidole vinaruka, kile kimoja kilichopindishwa na hendeli ya lori kikijitahidi nyuma ya wenzake. Aliponiona alifunga kifuniko, akaniambia nikafagie.

Sehemu moja tu ndipo alipoimba, na lazima nieleze vizuri kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Piano ile ilikuwa na jino moja lililokufa. Lilikuwa upande wa kushoto, chini kabisa; waya wake ulikatika zamani, na Dereva, ambaye alikaza nyaya nyingine kwa spana aliyochongewa na fundi baiskeli, hilo hakuliweza. Sasa bahati mbaya iliyoje, jino hilohilo ndilo noti ya mwisho wa mteremko, pale Sekenke inapofika chini. Umeporomoka ukurasa mzima, umefika, na pale pa kutua hapana sauti. Mtu mwingine angeacha. Yeye alisema noti haiachwi. Piano ikikosa, wewe unayo. Basi mkono wa kushoto ukifika pale haukugusa jino, aliona ni vibaya kumpiga maiti. Uliruka juu, ukabaki hewani, na yeye akaimba noti yenyewe, mmmm, kutoka tumboni, kwa urefu kamili ulioandikwa. Mimi nami nikafundishwa hivyo. Miaka minne mkono wangu uliruka pale na mdomo wangu ukaimba, na sikuona ajabu yoyote. Nilidhani ndivyo watu wanavyopiga.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita nipo tu nyumbani, tukasikia redioni kuna shindano la vijana wapiga piano Dodoma, na watakaofanya vizuri watapata nafasi ya kusomea muziki. Siku ya tatu Dereva akaniambia nitapiga Sekenke, na akaanza kunikalisha saa nne kwa siku. Niliandika fomu hivyohivyo, jina la kipande Sekenke, mtunzi hajulikani. Alipiga pasi suti yake ya kustaafia. Kofia yake ya kazi aliivaa pia, maana hakuwahi kusafiri bila hiyo. Njiani alikaa kiti cha mbele karibu na dereva wa basi, na kila kona mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo.

Ukumbi ulikuwa na viyoyozi vilivyokufa, kwa hiyo madirisha yalikuwa wazi. Vijana wenzangu wamevaa tai, wanawatambulisha walimu wao: huyu kasoma Ulaya, huyu ana shahada, yule ni padri aliyefundishwa Roma. Mimi nikamwita mtu wangu kwa sauti, kama nilivyozoea: "Dereva, njoo tukae huku." Kijana wa mlangoni akamtazama, suti, kofia ya kazi, akamwambia kwa adabu kabisa kwamba madereva wanasubiri nje na wenzao. Dereva akanigeukia mimi. Ilikuwa kazi ya neno moja tu. Hata nusu ya neno ingetosha, ningesema huyu yuko na mimi. Nikainamia ile karatasi ya ratiba, nikaisoma kama mtihani. Nilipoinua uso alikuwa ameshatoka, na baadaye nikaiona kofia yake dirishani, upande wa jukwaa, katikati ya madereva wengine.

Najua ninachokisema hapa. Hakuna aliyenilazimisha. Ukumbi ule haukuwa na mtu mbaya hata mmoja.

Nikaitwa. Piano ilikuwa nyeusi, ndefu, inang'aa hata unajiona uso. Nikafanya nilichofanya kila siku ya maisha yangu kwenye piano: nikaizunguka. Nikainama kutazama uvunguni. Nikagonga mguu wake kwa ngumi. Nikatoa leso, nikafuta meno kutoka kushoto kwenda kulia. Ukumbi ukaanza kucheka, kicheko kile cha upole, cha watu wanaokupenda kwa sababu huna maana. Masikio yakawaka moto. Hapo hapo nikajiapiza kwamba sitaimba. Nitalibonyeza lile jino, maana piano hii ina meno yote mazima, na mdomo nitaufunga.

Nikapiga. Nisijisifu, lakini nilipiga. Nilipanda kwa gia ndogo, nilichelewa kwenye kona nikafidia kwenye mbuga, na nilipofika juu kabisa nikavuta pumzi na kuchagua gia kama nilivyofundishwa. Nikashuka. Nikafika chini, na mkono wangu wa kushoto, ambao miaka minne umefundishwa kumwacha maiti alale, ukaliruka lile jino zima, jino jipya, jino lisilo na kosa lolote, ukabaki hewani. Na mdomo nilikuwa nimeufunga. Pakawa kimya. Shimo.

Na kutoka dirishani ikaja sauti. Mmmm. Nzito, ya tumboni, kwenye noti yenyewe, kwa urefu kamili ulioandikwa. Mtu ambaye kanisani hakufumbua mdomo alisimama kwenye maegesho ya Dodoma, katikati ya madereva, akanishikia noti yangu isianguke.

Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikamalizia zile noti mbili tatu zilizobaki bila kuzisikia. Jaji mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ameketi mstari wa mbele, hata yeye alicheka, akaniuliza bila kipaza sauti, kwa wema tu: "Nani huyo?"

"Ni dereva tu," nikasema.

Wakacheka zaidi. Kisha akashika kipaza sauti, akauliza sasa kwa ukumbi wote usikie, nani aliyenifundisha. Mwongo akishaanza ulimi wake hauna breki. Nikasema nimejifundisha mwenyewe, kwenye simu, kijijini kwetu. Wakasimama wote wakapiga makofi. Nilishika nafasi ya tatu na nikapewa chuo, na wiki ile redio ikatangaza habari za kijana wa Singida aliyejifundisha piano kwa simu. Simu yenyewe niliyokuwa nayo ilikuwa ya tochi.

Ile ya redio ilifika Shelui, najua. Ile ya kwanza, yale maneno matatu, sikuwa na hakika. Sikuyasema kwenye kipaza sauti. Watu walikuwa wanacheka. Dirisha lilikuwa juu kidogo. Nilijihesabia sababu hizi mara ngapi, Mungu ndiye anajua. Redioni nilijisifu tu, nikajiambia, na vijana wote hujisifu. Lakini kwa yale maneno matatu nilimchukua mtu aliyeniokoa dakika ileile nikamfanya takataka ya kuchekesha watu.

Kurudi, basi lilishuka Sekenke jua likiwa bado kali. Tangu Dodoma alikuwa ameniuliza jambo moja tu, kama nimekula. Tulipofika chini kabisa mguu wake ukaachia ile breki yake ya hewa, akageuka.

"Umeshuka vizuri," akasema. "Ila ulibadili gia katikati ya mteremko."

Nikamwambia ndiyo, ukurasa wa kumi na nne niliharakisha. Akakohoa. Nilishika hicho kikohozi kama mtu anavyoshika risiti.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, tena ya lami. Nilisoma, nikamaliza, nikapata kazi ya kufundisha piano shule moja Arusha, watoto wananiita mwalimu na cheti kipo ukutani. Kila niliposhindwa kueleza nilikotoka, ile habari ya simu ilinitangulia mlangoni na kunifungulia. Nilimpigia Dereva mara chache, za sikukuu. Mkewe alipofariki nilituma rambirambi, nikasema nina mitihani. Mitihani ilikuwa imekwisha. Mama yule alinilisha miaka minne.

Na mara moja nilipita. Nilikuwa natoka Mwanza, basi likasimama Shelui watu wachimbe dawa na kununua vitunguu. Nikamwona anakuja na fimbo. Kumbe alikuwa na tabia hiyo uzeeni, kuyakagua mabasi yanayokwenda kupanda mlima. Aligonga tairi moja baada ya jingine, anawaambia madereva vijana hili limeisha upepo, hili linakula upande mmoja, nao wanamsikiliza kwa heshima. Akafika chini ya dirisha langu. Nikavuta kofia usoni nikajifanya nimelala. Nilimsikia akigonga tairi, ko, ko, kisha akanyamaza muda kidogo, kisha akaendelea na la nyuma.

Mwaka huu, alizeti zilipokuwa zimevunwa, ndugu yangu akanipigia kwamba Dereva alipata kiharusi na mkono wa kushoto umelala. Sikujiuliza tena. Nilipanda gari langu, nikaendesha mwenyewe.

Nilimkuta kulekule, chumba cha kwaya, alasiri. Amekonda, amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkono wa kushoto ameulaza mapajani kama kitu cha mgeni anachomtunzia. Kwenye piano alikuwa dada mmoja mwenye duka la dawa, bado na koti lake jeupe, ambaye hufunga duka saa tisa kuja kujifunza. Nikainama nikampa mzee shikamoo. Akaitikia, akauchukua mkono wangu, akautazama upande wa juu na wa chini, akauachia. Nilikuwa na hotuba. Niliitunga tangu Singida mjini. Kabla sijaanza, akamgeukia yule dada.

"Huyu ndiye kijana wetu niliyekwambia," akasema. "Alijifundisha mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kufungua mlango."

Nilimtazama nione kama ananichoma. Hakuwa ananichoma. Alikuwa anaulinda uongo wangu, kama alivyoulinda miaka yote kwa kila aliyemuuliza hapo mjini, na alikuwa ameuzoea hata anautamka bila shida. Afadhali angenizaba kofi.

Akaniambia nipige Sekenke, dada asikie inavyokwenda na mikono miwili. Nikaizunguka piano. Nikainama, nikagonga, nikakanyaga pedali mara tatu, nikafuta. Hakuna aliyecheka. Nikapanda, nikafika juu, nikachagua gia, nikashuka. Nilipofika chini mkono ukaruka lile jino lililokufa, na nikafumbua mdomo niimbe, na sauti haikutoka. Wakaimba wao, dada kwa sauti yake nyembamba na mzee kwa ile besi, sasa imepinda upande mmoja pamoja na mdomo, lakini kwenye noti yenyewe.

Nilipomaliza, yule dada alikuwa ananitazama mkono.

"Kaka," akasema, "mbona na wewe unaruka? Mimi simu yangu ilikisikiliza ikanipa jina lake, nikawatazama humo wote wanaopiga hiki, Wazungu, Wachina, hakuna anayeruka. Anaruka Dereva na mimi tu."

Hakuwa na nia mbaya; aliuliza kama mtu wa dawa anavyouliza umemeza ngapi. Nilitazama meno ya piano. Nikasema kwamba sikujifundisha. Nikasema huyu mzee ndiye aliyenifundisha, noti moja moja, miaka minne, na kwamba nilidanganya ukumbi wa watu na nikaendelea kudanganya mpaka leo. Niliyasema vibaya, nikirudiarudia. Dada akaangalia chini, akaanza kufungua na kufunga kifungo cha koti lake, kisha akasema ana wateja, akaaga. Nilimkana mbele ya watu mia kadhaa, na nimekiri mbele ya mtu mmoja aliyeona haya kunisikiliza.

Tulipobaki wawili nikamwambia Dereva kwamba haitoshi. Nikamwambia nitaandika, niweke kila kitu, na nitaweka jina lake kamili, la kwake na la baba yake, ili yeyote aliyekuwa Dodoma siku ile ajue. Alikuwa anajaribu kuvifuta vibao kwa mkono mmoja. Nikamsaidia kushika kitambaa.

"Jina la nini?" akasema. "Andika ulivyosema siku ile. Ni dereva tu."

Hakuinua sauti, wala hakuacha kufuta. Mimi ndiye niliyeacha. Alipofika jino la mwisho alikunja kitambaa, akaniuliza nakwenda kulala wapi, nikasema Singida, akaniuliza kama nimekagua matairi kabla ya kupanda mlima. Nikasema bado. Akaomba fimbo yake, tukatoka nje, akayagonga yote manne.